Gesti ya Freudenberg: nilivyokimbia Karneval ya Köln na daku langu kwenye begi

Hii naiandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu mnaoishi Köln, Bonn, Düsseldorf na huko jirani, ambao kila mwezi wa pili ukikaribia mnaanza kuulizana kwenye magrupu "jamani mwaka huu tunakimbilia wapi". Mi nimelala usiku tano kwenye gesti moja Freudenberg, kimji cha Siegerland mashariki ya Köln, Alhamisi 27 Februari mpaka Jumanne 4 Machi 2025, na kabla hujalichekea hilo neno gesti, hii sio ile ya nyuma ya stendi yenye taa nyekundu na godoro linalokumbuka kila mtu. Hii ni nyumba ya bibi mmoja wa miaka sabini na ushee, ngazi za mbao zinalia kwii kwii, na usiku ukivuta kiti unajisikia umefanya kosa la jinai. Jina la nyumba sitaji. Ina vyumba vitatu tu, mkijazana nyie mimi mwakani nitalala wapi?

Kwa mlioko Dar, Tanga au Mombasa ambao hamjui nazungumzia nini: Karneval ni vunja jungu ya Wakatoliki. Kabisa yani. Kama kwetu mwisho wa Shaabani watu wanavyovunja jungu, pilau linapikwa, watu wanaenda pwani, wengine wanamalizia mambo yao wanayoyajua wenyewe kabla mwezi haujaandama, basi na hawa wanafanya hivyo hivyo kabla ya Kwaresma. Tofauti ni kwamba sisi tunavunja jungu siku moja mbili tunanyamaza, hawa msimu unafunguliwa tarehe 11 mwezi wa 11 saa tano na dakika 11 asubuhi, unapumzika kidogo Krismasi, halafu Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresma saa ile ile tano na dakika 11 jungu linapasuka na halinyamazi mpaka Jumanne usiku wa manane. Siku sita. Hiyo namba 11 wanasema ni namba ya wendawazimu na kila kitu wanakipanga kwa hiyo, baraza lao lina watu 11, maandamano ya vijijini yanaanza na dakika 11, sijui hata daktari wa meno siku hizo anakupa miadi ya na dakika 11.

Alhamisi yenyewe ni ya wanawake, wanatembea na mikasi wanakata tai za wanaume. Bosi wangu kazini kila mwaka anakuja na tai ya mtumba kwa ajili hiyo tu, anakatwa, anapigwa busu la shavu, saa sita mchana hakuna anayefanya kazi tena jengo zima.

Mimi naishi mtaa wa nyuma ya Zülpicher Straße. Anayeijua Köln hapo ameshanihurumia. Ndo mtaa wa wanafunzi na ndo vijana wa Ujerumani nzima wanashukia hapo, manispaa inaweka mafensi na walinzi, mwaka juzi nimeonyesha kitambulisho chenye anwani ndo nikaruhusiwa kwenda kulala kwangu mwenyewe, nimetoka zamu ya usiku macho mekundu mlinzi ananiangalia kama mi ndo mlevi. Bia yao Kölsch inakuja kwenye glasi nyembamba ya mililita 200, ndogo kuliko kikombe cha kahawa ya baraza, na mhudumu anakuletea nyingine bila kuomba mpaka uifunike glasi na kile kikadi cha kuwekea. Sasa hesabu mwenyewe zile glasi ndogo mara siku sita, halafu jiulize yote yanaenda wapi. Yanaenda mlangoni kwetu. Mwenye nyumba wetu anapigilia mbao sehemu ya chini ya mlango kila Jumatano kabla ya siku yenyewe, na Alhamisi saa kumi jioni zile mbao tayari zimelowa na unajua kabisa sio mvua.

Lakini sio mkojo ulionifukuza, mkojo unaoshwa. Kilichonifukuza ni kanzu. Ijumaa ya Karneval mwaka 2023 nimevaa kanzu yangu nyeupe, kofia ya kiua aliyonishonea mama yangu mdogo, koti juu, naenda zangu msikiti mkubwa wa Ehrenfeld. Pale kituoni nikakutana na kundi la maharamia, yani wamevaa uharamia, upanga wa plastiki na kitambaa kwenye jicho, mmoja akanipiga bega akasema "Super Kostüm!", yani vazi la kuigizia kali sana, akataka tupige picha. Nikamwambia sio kostüm, hii ni nguo. Akacheka akadhani ndo sehemu ya mchezo. Nyuma yao kulikuwa na mzee mmoja wa makamo kajipaka uso mweusi tii, kavaa sketi ya majani na mfupa wa plastiki kichwani. Tukatazamana. Mi na yeye, pale pale kwenye tramu, vituo vitatu. Wakosoaji wa hayo mambo wapo hata humo humo Köln na ukweli siku hizi wanapungua wanaofanya hivyo, ila nilipofika msikitini hotuba ya sheikh sikusikia hata neno.

Na nisiwaonee, watu wa Köln sio wabaya. Jirani yangu wa chini, mama mmoja anayejivika uharamia kila mwaka, ndo huyo huyo aliyenipikia supu nilipoumwa korona. Wanaipenda hiyo kitu kama Simba na Yanga. Ila mtu akiwa hataki ngoma asilazimishwe kucheza, na Köln siku hizo sita hakuna sehemu ya kukaa bila kucheza.

Mwaka 2024 nikasema nakimbia. Nikajiona mjanja, nikachukua chumba kijijini huko milima ya Eifel, misitu, ng'ombe, nikasema huku nani atanifuata. Sitataja kijiji. Jumamosi nimelala zangu fofofo mchana, saa nane na dakika 11 (hapo nilitakiwa nishtuke) nasikia ngoma. Nafungua dirisha trekta linapita chini yangu, juu ya trekta kuna watu kama ishirini wamevaa kuku, wakaniona, wakapiga ukelele, pipi zikaja dirishani kama mawe. Moja ilinipata hapa juu ya jicho. Nashuka chini kumuuliza mwenye nyumba kulikoni, mwenye nyumba mwenyewe kavaa nyuki. Mbawa na kila kitu. Akanimiminia kitu kwenye kiglasi akasema kwa furaha kabisa "umebahatika, chumba chako kina mandhari bora kuliko vyote". Zile fedha nimelipa kukaa mstari wa mbele.

Sasa aliyenifungua macho ni jamaa yangu mmoja wa Bukoba, msharika wa KKKT, Mlutheri, alikuja huku mara ya kwanza kupitia misheni ya Wuppertal ambayo dayosisi yao ni mwanachama. Nimemsimulia habari za nyuki akacheka mpaka akakohoa, akaniambia "mdogo wangu, we unakimbia umbali, wenzako wanakimbia dhehebu". Eifel ni Wakatoliki watupu kama Köln, hata uende ndani vipi ngoma utaikuta. Chukua treni elekea mashariki mpaka Siegerland, kule walibadili dini karne ya 16, wakawa Waprotestanti wafuasi wa Calvin, watu wa Biblia na kulala mapema. Kwaresma hawaishughulikii sana kwahiyo hawana cha kuvunjia jungu. Dah. Miaka minane niko nchi hii hakuna aliyewahi kunipa ramani hiyo.

Na 2025 ilikuwa lazima, maana Ramadhani huku ilianza Jumamosi 1 Machi, katikati kabisa ya Karneval. Nikajiona mimi nimefunga, niko Zülpicher Straße, kuna mtu kavaa kuku ananitapikia viatu. Hapana.

Safari sasa. Treni ni RE9, inatoka Köln Hauptbahnhof mpaka Siegen, saa moja na nusu na ushee, na ukiwa na Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya treni za kawaida na mabasi nchi nzima (mwaka 2025 ilikuwa euro 58), huongezi hata senti. Ushauri wangu ondoka Alhamisi kabla ya saa tatu asubuhi. Mi niliondoka saa mbili na bado stesheni ilikuwa imejaa mapanya, manesi na Cleopatra. Treni yenyewe inafuata mto Sieg, inaingia tunneli inatoka, na unaona kabisa dhehebu linavyobadilika kwenye viti: Siegburg wanapanda machekibobu na spika, Hennef wanashuka wengine wanapanda wengine, Eitorf bado wapo, Wissen anashuka twiga mmoja peke yake na begi la mgongoni, halafu baada ya Betzdorf nikabaki mimi na mama mmoja anafuma soksi. Hakuniangalia, sikumwangalia. Nilisikia raha ambayo siwezi kuielezea.

Siegen yenyewe ni mji wa kawaida, Rubens yule mchoraji alizaliwa pale 1577 na wanakukumbusha kila kona, ukishafika chukua basi la Freudenberg, nusu saa na kitu kupanda vilima. Ila lipige hesabu vizuri maana jioni na wikendi mabasi yanapotea kama boda wakati wa mvua.

Freudenberg mji wa kale ni kitu cha kuona. Uliungua wote 1666 wakaujenga upya kwa mpangilio ule ule, nyumba za miti myeusi na kuta nyeupe na paa za mawe ya kijivu, zimepangwa mstari juu ya mstari kwenye kilima, zote zinaangalia upande mmoja. Ukipanda kule bustanini Kurpark ukaangalia chini ni kama daftari la hesabu la mtoto mwenye mwandiko mzuri. Watalii wanakuja wanapiga ile picha moja wanaondoka. Wikiendi ile kulikuwa na jua zuri la uongo, linawaka lakini haliunguzi, na saa nne asubuhi siku ya Ijumaa nilisimama katikati ya ule mtaa nikasikia mtu anafagia. Ufagio tu. Nyumba ya tatu kutoka niliposimama.

Haya, gesti. Chumba changu kilikuwa juu kabisa chini ya paa, kitanda kimoja, meza, dirisha dogo, bafu dogo ambalo mtu mnene atajipanga. Safi mpaka inatisha. Euro 62 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi, pesa taslimu, kadi hapokei. Ukutani kuna karatasi ya masharti ina mistari kumi na nne, usipike chumbani, usivae viatu kwenye ngazi, usioge baada ya saa nne usiku, nimesoma nikajua hapa nimefika kwa watu wa Calvin kweli.

Sasa chai ya asubuhi ni saa mbili mpaka nne na mimi natakiwa kula daku saa kumi na nusu alfajiri. Alhamisi jioni nikashuka jikoni kumweleza. Akasikiliza vizuri, mikono kwenye aproni, mwisho akauliza lile swali ambalo kila Muislamu wa Ujerumani ameshaulizwa mara elfu: "Hata maji?" Hata maji, bibi. Akakaa kimya akiwaza, nikajua hapa nitaambiwa sharti namba kumi na tano. Akasema tu "nitaona".

Ijumaa usiku, ndo kuamkia siku ya kwanza ya kufunga, nimewekea alamu, nafungua mlango nije nichukue maji, naona kapu. Kapu la ukindu wa huku, limefunikwa na kitambaa cha miraba. Ndani mkate, siagi, jibini, mayai mawili ya kuchemsha yamefungwa kwenye soksi ya sufu yasipoe, ndizi moja, chupa ya chai ya moto, na kikaratasi. Kaandika saa, 4:30, chini yake "hakuna nguruwe", na chini kabisa kachora mwezi mwandamo kwa kalamu ya bluu, kaukosea, kaugeuza upande wa pili kama C, yani mwezi unaoisha badala ya unaoandama. Nilikula daku nikiuangalia ule mwezi. Na kila usiku kapu lilikuwepo, bei ile ile, ndizi ile ile moja.

Kibla nacho. Nilimuuliza kusini mashariki ni wapi, akaenda kuniletea dira ya marehemu mumewe aliyekuwa mtu wa kutembea milimani, ya shaba, nzito, akaniwekea mezani akasema ikae huko huko mpaka niondoke.

Futari huku kipindi kile ni kwenye saa kumi na mbili na robo jioni, mfungo wenyewe kama saa 13, karibu sawa na Tanga ila bila jua la kukausha koo, kwahiyo kulalamika ni aibu. Tende nilinunua mtaa wa Weidengasse hapo Köln kabla sijaondoka, na unga wa mtama nilikuwa nao, wa nyumbani. Nikaomba jikoni kwake nipike uji. Alisimama nyuma yangu muda wote anaangalia, nilivyotia pilipili manga akashindwa kuvumilia, "pilipili kwenye uji?" Nikampa kikombe. Akanywa funda moja, akanyamaza, akanywa la pili, akaenda kufunga dirisha. Jumapili akanilipa kwa mkate wao wa viazi wanaouita Riewekooche, unaokwa kwenye kopo refu, ndani mlaini nje mgumu, unapakwa siagi tu basi. Nikamuuliza kwa adabu kama una mafuta ya nguruwe, hakununa, alienda kuleta karatasi ya mapishi ya mama yake mzazi tukaisoma wote mstari kwa mstari. Mafuta ya alizeti. Nikakata kipande cha tatu.

Mapungufu yapo na nayasema. Hita inajizima yenyewe saa nne usiku, sasa saa kumi na nusu alfajiri chumba ni friji, na maji ya moto yanachukua dakika tatu nzima kufika juu, nimetia udhu mara mbili na maji ambayo mpaka leo viwiko vinayakumbuka. Beba soksi nzito na blanketi lako. Kengele ya kanisa inapiga kila robo saa, usiku unaizoea, ila saa moja asubuhi Jumapili ikipigwa ile ndefu utadhani inapigwa ndani ya mto wako. Migahawa Jumatatu imefungwa karibu yote na supamaketi ni mwendo wa kupanda. Kuhusu taraweh, nimesali peke yangu chumbani siku zote na hilo liliniuma kuliko baridi, msikiti wa karibu ni Siegen na basi la kurudia saa hizo hamna. Kama we jamaa ni lazima usali na watu, hii gesti sio yako.

Halafu intaneti. Chumbani hakuna kabisa. Inashika sehemu moja tu, ukumbini ghorofa ya pili, pembeni ya kabati, na hapo ukutani, wallahi naapa, kuna kanga. Kanga ya Kiswahili, nyekundu na nyeusi, imewekewa fremu ya kioo. Kaletewa zamani na watu wa kanisa waliokwenda Tanzania. Na imetundikwa kichwa chini.

Sikusema kitu. Mgeni ukikuta kanga imegeuzwa unanyamaza. Ila Jumamosi baada ya futari nikampigia mama video kumtakia mfungo mwema, nimesimama pale pale maana ndo penye mtandao, mama hata salamu hajaitikia vizuri, "Nani kaitundika kichwa chini hiyo?" Nikamwambia mama hiyo ni ya mwenye nyumba. "Na wewe unaiangalia tu? Jina la kanga linasomeka juu chini kama la maiti? Igeuze." Mama, ni ya watu. "Igeuze nakuona." Ndo bibi akatokea kwenye ngazi na taulo mkononi, anaona mwanaume mzima anagombezwa na simu. Ikabidi nimweleze. Tukaishusha wote wawili, kioo kizito, tukaigeuza, mama anaelekeza kutoka Tanga kushoto kidogo, kulia kidogo, na ilipokaa sawa bibi akauliza na hayo maandishi ni nini, yeye miaka yote alijua ni mstari wa Biblia.

MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA.

Kutafsiri hilo kwa Kijerumani ilinichukua dakika kumi na jasho. Kwanza nikasema ni kuhusu majirani. Majirani gani? Wanaokusema. Wanasema nini? Chochote, bibi, wanasema mchana kutwa, lakini usiku watachoka watalala, we utabaki na maisha yako. Akalirudia polepole kwa Kijerumani. Akaangalia dirishani upande wa nyumba ya ng'ambo, ile ambayo pazia lake nimeliona linacheza kila nikitoka. Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi, mama naye huko anacheka hajui anachekea nini. Kesho yake asubuhi kulikuwa na kikaratasi kimebandikwa chini ya fremu, tafsiri yote, kwa ile kalamu ya bluu.

Jumatatu sasa, Rosenmontag, siku ya maandamano makubwa ya Köln, yapo tangu 1823, watu zaidi ya milioni barabarani na pipi wanasema kama tani 300 zinarushwa. Nimetoka kutembea mchana, narudi nasikia sauti ndogo sebuleni. Nachungulia, mapazia yamefungwa mchana kweupe, bibi yuko mbele ya televisheni sauti iko chini kabisa, anaangalia Karneval. Alishtuka kama nimemkuta anakula mwezi mtukufu. Akasema huwa anaangalia kila mwaka, "lakini kanisani hatuzungumzi". Nikaomba kukaa. Tukakaa wote, yeye na kahawa yake, mi na mfungo wangu mdomo mkavu, tunaangalia tani 300 za pipi zinamwagwa Severinstraße, mtaa ninaopita kwenda kazini. Yale magari yao yana masanamu makubwa ya kuwakejeli wanasiasa, ananieleza huyu nani na yule kafanya nini, na kuna yule bikira wao ambaye kwa desturi ni mwanaume kavaa kike, bibi akasema mwaka huu ana miguu mizuri. Nikiri hapa: kwenye kiti, bila mtu kunigusa kanzu, ni kitu kizuri sana. Kina kazi ndani yake. Nilikaa mpaka mwisho.

Jumanne usiku nimerudi, na hapa nilikosea hesabu, nilidhani imeisha. Nimeshuka tramu namba 9 inakaribia saa sita usiku, kwenye kona ya kwetu watu wamejaa na mishumaa, wamemshusha yule mtu wa majani aliyening'inia juu ya mlango wa baa tangu wiki iliyopita, Nubbel wanamuita. Mmoja kavaa joho la padri anasoma mashitaka: nani katufanya tukanywa pesa zote? Umati unajibu, Nubbel! Nani katufanya tukawadanganya wake zetu? Nubbel! Halafu wakamchoma moto. Wanaoijua Makunduchi na kile kibanda cha makuti kinachochomwa Mwaka Kogwa watanielewa, nilisimama na begi langu kama nimeona ndugu. Jirani yangu haramia alikuwepo, analia machozi ya kweli, akanikumbatia, akanambia kesho Jumatano ya Majivu anakula samaki, niende. Nikamwambia niko mfungoni. Akajifuta pua. "Hata maji?"

Basi, alama. Kimya nyota tano, daku nyota tano, hita nyota moja, intaneti nyota mbili na zote ni za kanga. Kuweka nafasi hana tovuti, unapiga simu ya mezani, Jumapili asubuhi usipige yuko kanisani. Ongea Kijerumani hata cha kuokoteza, Kiingereza hajui. Mwaka 2026 Rosenmontag inaangukia 16 Februari na Ramadhani inaangukia Jumatano ya Majivu yenyewe au kesho yake, kwahiyo jungu letu na jungu lao yanavunjwa wiki moja, Köln mi sitakuwepo. Wakati nalipa bibi alitoa daftari lake, akaandika tarehe, akaandika jina langu kakosea herufi mbili, na pembeni, kwa herufi kubwa, UJI.